Sikio la Mkunga

Tarehe 3 Machi

Kwako binamu, mkunga mkuu wa kujitangaza,

Salamu zikufikie kabla hujaanza kulalamika. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, na goti halihesabiki kwa kuwa limekuwa hivyo tangu enzi zile ukinikimbiza na fagio uani kwa bibi. Lifti zangu nazo ni nzima, zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nianze kazi katika jengo hili, kwa hiyo naishi kwa wasiwasi. Yule mama wa ghorofa ya tisa mwenye mbwa bado anaamini kwamba lifti ikikwama ni mimi niliyemkusudia. Simkanushi. Ananiamkia vizuri siku hizi.

Sasa niambie, tulirudi lini kwenye enzi za stempu? Nimekupigia simu wiki nzima. Mara inaita mpaka inachoka, mara unapokea, unasema "Halo? Halo? Andika barua!" kisha unakata. Nikamuuliza binti yangu, hivi shangazi yako amekuwa waziri? Akasema simu yako ni mbovu. Binamu, simu hiyo nilikupa mimi, na siku niliyokupa ilikuwa nzima kuliko wewe.

Basi, naandika. Binti yangu ana mimba. Mkwe wangu, yule mwalimu wa hesabu, alinipigia kunijulisha kwa sauti ya mtu aliyegundua sayari. Mtoto anatarajiwa mwishoni mwa Agosti. Mama yake hayupo duniani wa kumshika mkono, na mimi nimefungwa huku na lifti mbili na mwenye jengo asiyelijua neno likizo. Wewe ndiye uliyempokea binti huyo alipozaliwa, kisha ukanitazama mlangoni ukasema nimefanana na mtu aliyekunywa maji ya betri. Nataka umpokee na mwanawe. Simwamini mkunga mwingine. Nakuomba, na unajua huwa siombi mara mbili; mara ya pili nalalamika.

Binamu yako mpendwa, kama bado hujapata mwingine,
Fundi Lifti


Tarehe 29 Machi

Kwako Panda-Shuka,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa na kuchafuka kama shati lako la siku zote, nikajua ni ya kweli. Mimi sijambo. Wadi yangu ina vitanda kumi na viwili, na wajawazito wa mji huu hawajui kuhesabu mpaka kumi na mbili. Tulipewa mashine ya kusikilizia mioyo ya watoto, ya umeme, inaimba vizuri kama redio. Betri zake hazipatikani. Kwa hiyo mashine iko kabatini, imefunikwa kitambaa, wageni wakija tunaifunua, na sisi tunaendelea na kile kipembe chetu cha mbao: upande mmoja tumboni kwa mama, upande mwingine sikioni. Mwenye funguo za kabati hilo, na za kila kabati, ni mwenzangu wa zamu, Mama Funguo. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi bila kupendana na mpangilio huo umetufaa sana sote.

Hongera kwa kuwa babu. Ulikuwa na sura yake muda mrefu, sasa umepata na sababu.

Kuhusu ombi lako, nakushauri umpe Mama Funguo kazi hiyo. Ana mikono mizuri, haongei upuuzi, na hata mtoto akigoma kutoka atatoka kwa kumwogopa. Mimi nimechoka, binamu. Watu wanachoka. Hata lifti zinachoka, na hizo hazisimami zamu za usiku.

Simu ni mbovu.

Mkunga


Tarehe 20 Aprili

Kwako uliyechoka,

Pole kwa uchovu. Mimi, kama unavyojua, napumzika tu. Jana nilipumzika ndani ya shimo la lifti saa nne nzima na grisi mpaka kwenye nyusi.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta sababu, nikakuta Mama Funguo. Tangu lini wewe unamsifu Mama Funguo? Barua zako zote za zamani, mtu akizikusanya, ni kesi moja ndefu dhidi ya mama huyo. Kwa hiyo nikakaa nikafikiri, nikapata jibu: bado una kinyongo cha kabati la bibi. Binamu! Bibi alikufa, kabati likaenda kwangu, wewe ukapata cherehani. Kama ni kabati, sema ni kabati. Usimwadhibu mtoto ambaye hata pua haijamaliza kuota.

Jambo lingine. Binti alikuona sokoni. Anasema alikuita mara tatu ukapita kama hujasikia, na alipokufikia ukageuza kichwa upande kama kuku anayechungulia punje. Ameumia. Alidhani umemkwepa. Nilimwambia shangazi yako ana maringo tangu alipopewa sare nyeupe, lakini moyoni nami sikupenda.

Mpokee mtoto. Hii ni mara ya pili, kwa hiyo tayari nalalamika.

Fundi Lifti


Tarehe 11 Mei

Kwako mrithi wa kabati,

Mimi sijambo, ila majirani hawanipi usingizi. Kabati kaa nalo. Lina kunguni tangu uhai wa bibi, na nilifurahi siku ulipolibeba mgongoni mwenyewe ukitabasamu.

Mwambie binti sikumkwepa. Shingo ilikuwa imekaza, nimelalia mto vibaya. Nitamwomba radhi uso kwa uso, maana nimeamua, na usianze kupiga vigelegele: aje kliniki kwangu mwanzoni mwa mwezi ujao, nitamsikiliza mwenyewe, na siku ikifika nitampokea mjukuu wako. Nimeahidi. Sasa niache.

Ila nikuambie, watoto wa siku hizi ni wakorofi. Tumboni moyo unasuasua kama injini iliyokosa mafuta, unampeleka mama mbio kwa wapasuaji, nusura muuguzi avunjike mguu, halafu mtoto anatoka anapiga kelele kama mpiga debe, mzima kabisa. Imenitokea mara mbili. Daktari wa zamu alinitazama akasema, "Mama, leo tena?" Nikamjibu ndiyo, leo tena, na kesho pia, kwani wewe unalipwa kwa kunitazama?

Mkunga


Tarehe 14 Juni

Kwa mkunga,

Salamu utazipata mwishoni, zikibaki.

Binti amenipigia akilia mpaka simu ikalowa upande wangu. Nimeambiwa hivi. Alipanda kitandani kwako anacheka. Ukaweka kipembe tumboni, ukamshika mkono, ukasikiliza. Uso ukabadilika. Ukahamisha kipembe, ukasikiliza tena. Ukahamisha. Kisha ukapiga kelele iletwe machela, na mwanangu akasukumwa kwenye korido ndefu, taa zinapita juu yake, akijua kabisa kwamba amebeba mtoto anayekufa. Mwalimu wa hesabu akaanguka mlangoni, ameshonwa kidevu.

Walipomfikisha kwa wapasuaji, wenye mashine inayofanya kazi, wakampima. Moyo wa mtoto ni mia na arobaini na kitu, unakimbia kama anachelewa harusi. Mtoto alikuwa anapiga mateke mashine. Na daktari akasema, mwanangu anasikia, "Huyu mama tena!"

Tena, binamu. Kumbe zile hadithi zako za watoto wakorofi hazikuwa hadithi.

Sasa nakuuliza kwa lugha nyepesi. Unakunywa? Unaumwa? Au umechoka kazi na huna adabu ya kuondoka? Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Nusura kilio chako kiwe changu.

Salamu hazikubaki.

Baba yake binti


Tarehe 22 Juni

Kwako binamu,

Shikamoo. Sijawahi kukuamkia maishani, na hunizidi hata mwezi, lakini leo nakuamkia, ili ujue hali ni mbaya.

Sinywi. Naumwa, na ningependa hilo liishie hapo, lakini mwanao alilazwa kwenye machela kwa ajili yangu, kwa hiyo nakudai usome mpaka mwisho.

Kwa karibu miaka miwili kuna mtu anapiga ngoma katika sikio langu la kulia. Du, du, du, bila kupumzika, bila mwaliko. Mwanzoni nilidhani ni fundi cherehani wa chumba cha pili, nikaenda kumtukana. Akanionyesha mahali cherehani yake inapokaa. Ilikuwa kwa fundi wa cherehani. Nikatia pamba. Ngoma ikazidi. Nikaenda zahanati wakanipa dawa ya matone, nikaitia miezi, na nilichopata ni mto wenye madoa. Kisha sikio lenyewe likaanza kufa, sauti za watu zikawa zinatoka mbali, na simu ikawa kelele tupu. Huo ndio ubovu wa simu yako. Naiomba radhi.

Sasa sikiliza jinsi mjinga mwenye cheti anavyokosea. Sisi tulifundishwa hivi: ukisikiliza moyo wa mtoto, mshike mama mkono. Mapigo ya sikioni yakilingana na ya mkononi, huyo ni mama, sogeza kipembe. Yakitofautiana, huyo ni mtoto. Sheria nzuri, haijawahi kuniangusha. Nilimshika binti yako mkono, moyo wake ulikuwa unakwenda zaidi ya tisini, kwa furaha. Sikioni, hilohilo la kulia nililozoea kuwekea kipembe, nikasikia sabini. Hayalingani, basi ni mtoto. Na mtoto mwenye sabini, binamu, anakufa.

Walipomrudisha mzima nilikwenda stoo ya mashuka nikakaa juu ya marobota. Nikajishika mkono wangu mwenyewe. Du, du, du. Sabini. Sawasawa na sikio, pigo kwa pigo. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba chumbani kuna mtu wa tatu mwenye moyo.

Nilikuwa napima moyo wangu na kukimbiza watoto wa watu kwa wapasuaji.

Keshoye nilikwenda hospitali kubwa kwa daktari wa masikio. Akachungulia. Akachungulia tena, akasimama, akaita wenzake. Wakaja saba. Wakapanga foleni kwenye sikio langu, kila mmoja anasema "ahaa" na kumpisha mwenzake. Mmoja alinishukuru. Nimevaa sare miaka yote hii bila hata cheti cha pongezi, kumbe nilitakiwa kuota kitu kichwani.

Ni uvimbe wa mishipa ya damu. Umekaa nyuma ya ngoma ya sikio, mwekundu, unapiga kila moyo unapopiga, na umejipenyeza mpaka kwenye mfupa wa chini, jirani na mshipa mkubwa unaoshuka shingoni. Huwa unaota kichwani au shingoni, kwa watu wachache sana. Mimi ambaye sijawahi kushinda hata sabuni kwenye bahati nasibu. Si saratani, anasema daktari; ni mpangaji anayejiongezea vyumba bila kibali. Na usidiriki kuudonoa, maana ni damu tupu. Fikiria, yule wa zahanati alitaka kuuchokonoa na koleo akidhani ni nta.

Akaniuliza kama kuna mwingine katika ukoo. Nikasema hakuna. Nilipofika mlangoni nikarudi nikakaa tena. Binamu, baba yangu. Mjomba wako. Unakumbuka alivyogombana na kila jirani kwamba wanatwanga usiku kucha? Alihama nyumba tatu, kote akawakuta wanatwanga. Sisi tukamwita Mzee Kinu, hata mazishini wewe na mimi tulifinyana tukicheka. Hakukuwa na kinu. Nimekuwa nikilifikiria hilo wiki nzima na sina mzaha nalo.

Daktari anataka ndugu wote wa damu wachunguzwe, nawe ukiwemo. Nilimwambia ndugu zangu ukiwaita hospitali wanauliza chakula kitakuwa saa ngapi.

Tiba yenyewe ni hii. Kwanza wanaziba mishipa inayoulisha uvimbe, kwa waya mwembamba wanaouingiza pajani. Pajani! Wanaanzia kwenye paja ili wafike kwenye sikio. Sijui kwa nini hawaanzii nyumbani kwangu. Halafu wanapasua nyuma ya sikio. Sikio hilo halitasikia tena. Mshipa wa fahamu wa uso unapita hapohapo, kwa hiyo naweza kuamka nusu ya uso imelala. Wataalamu wa kuziba mishipa wanatoka mbali, watakuja tarehe 7 Julai, kisha hawaji tena mpaka mwakani.

Nimemwambia nitawasubiri hao wa mwakani. Alikasirika, akaniambia mwakani uvimbe utakuwa umeshafika kwenye mishipa ya kumezea na ya sauti. Nikamjibu kuna watu wengi watashukuru nikikosa sauti. Ukweli ni kwamba nimekuahidi. Mwishoni mwa Agosti nikiwa nimefungwa bendeji kichwani sitaweza kumpokea mjukuu wako. Na sasa nimeshaijua hila ya sikio: mkono mmoja nitamshika mama, mkono mwingine nitajishika mwenyewe, nitautoa moyo wangu kwenye hesabu. Mwalimu atanisahihisha.

Kuhusu hofu niliyomtia binti yako, sijui neno lake. Samahani ni dogo.

Mkunga wako, ukinitaka


Tarehe 30 Juni

Kwa: Mkunga
YAH: KUSITISHWA KWA HUDUMA ZA SIKIO LAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu, na kwa namna ya pekee husika na kichwa chako mwenyewe.

Familia imekaa kikao. Baada ya kutafakari kwa kina, imeazimia kutoendelea na huduma zako kuanzia leo. Nafasi yako imejazwa na Mama Funguo, ambaye wewe mwenyewe ulimsifu kwa maandishi, na maandishi hayo tunayo. Mama mjamzito ameridhia bila shinikizo. Baba wa mtoto ameridhia kwa kutikisa kichwa, kwa kuwa kidevu bado kinamuuma. Ahadi uliyotoa tarehe 11 Mei imefutwa na haina nguvu yoyote, hapa duniani wala huko tuendako.

Aidha, mpango wako wa kumshika mama mkono huu na kujishika mwenyewe mkono ule umechunguzwa na fundi, ambaye ni mimi. Tunaomba utufafanulie kipembe utakishika kwa meno au vipi.

Unaagizwa kufika hospitali kubwa kabla ya tarehe 7 Julai ukiwa na kichwa chako kamili. Ukikaidi, kabati la bibi utaletewa mlangoni, pamoja na kunguni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi Lifti, kwa niaba ya kikao

Hapa chini sio kikao. Binamu, nimeisoma ile sehemu ya mjomba nikiwa chumba cha mashine, nikazima mota ili nisome vizuri. Watu wakakwama ghorofa ya sita na sikuwajali. Yeye hakupata wa kumwambia kwamba hakuna kinu. Wewe umempata. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Basi life hilo, wewe ubaki. Ninalo kabati, ninazo lifti, sina binamu mwingine.


Tarehe 5 Julai

Kwako mwenyekiti wa kikao,

Naandika nikiwa kitandani hospitalini, wadi ya juu, na lifti ya hapa ni mbovu. Nilipanda ngazi nikikulaani wewe na kazi yako yote.

Barua yako nimeipokea. Nimefukuzwa kazi na watu wengi katika maisha yangu, ila hakuna aliyeniandikia kwa adabu namna hiyo. Niliisomea wadini kwetu kabla ya safari, nikacheka mpaka Mama Funguo akaja kuuliza kuna nini. Nikampa aisome. Akaisoma yote, akairudisha, akasema, "Nenda." Halafu akanipa shuka jipya kutoka kabati lake, la kwenda nalo. Jipya, binamu, lenye alama ya kiwandani. Nikajua kweli nakufa.

Umeniambia binti ameridhia. Hilo limeniuma kuliko sindano zote za leo, na sina haki ya kuumia. Nilimtisha mwenyewe.

Leo wamenipiga picha ya uso. Daktari akasema nikae kawaida. Nikatabasamu meno yote, pande zote mbili, ili baadaye kuwe na ushahidi.

Naogopa. Nimeliandika neno hilo mara moja, usitegemee kuliona tena.

Mkunga


Tarehe 10 Agosti

Kwako binamu ninayeambiwa yu hai,

Salamu nyingi, za kweli safari hii. Mimi ni mzima. Goti limepona lenyewe, nadhani kwa kukosa wa kulisikiliza.

Mwezi wa pili huu unaingia bila mkono wako. Binti ananipa habari zako kwa simu: upasuaji ulikwenda mpaka jioni, umetoka, uvimbe umetoka wote, uso umelala upande wa kulia, kalamu inakupa kizunguzungu. Namshukuru, lakini yeye ananihadithia kwa upole. Mimi nakuhitaji wewe, unitukane.

Nikuambie siku ile ya upasuaji nilivyoshinda. Nilijipa kazi ili nisifikiri. Nikafungua kisanduku cha umeme cha lifti namba mbili nikaunganisha nyaya nilizoziunganisha maisha yangu yote, nikaziunganisha kinyume. Nikaingia kuijaribu, na nani akaingia nami? Mama wa ghorofa ya tisa, na mbwa. Tukakwama katikati ya saba na nane. Sina wa kumpigia simu, maana fundi ni mimi. Mama akaanza, "Umenikusudia!" nami nikaangua kilio kama mtoto. Nikamweleza yote, sikio, baba yako, waya wa pajani. Akakaa chini sakafuni na gauni lake la gharama. Mbwa akalala juu ya mguu wangu. Tulikaa hivyo mpaka mwenye jengo alipoleta watu. Tangu siku hiyo mama huyo kila asubuhi ananiuliza, "Sikio linaendeleaje?" kwa hiyo andika, nina deni la majibu ghorofa ya tisa.

Na hili nilikuwa nimelinyamazia. Kikao hakikuwepo. Binti hakuridhia chochote. Nilipomwambia Mama Funguo ndiye atakayempokea, alinikatia simu, na alipopiga tena alisema ikiwa shangazi hayumo chumbani yeye hatazaa, atasubiri. Mwalimu akamweleza kwamba kihesabu haiwezekani. Nilidanganya ili uende. Ningedanganya tena.

Mimi nilipimwa mwezi uliopita. Hawajaona kitu. Na chakula hawatoi kabisa.

Panda-Shuka


Tarehe 6 Septemba

Kwako babu,

Salamu kutoka nusu ya uso. Nusu nyingine inakusalimu pia ila haijui kuonyesha. Daktari anasema itaamka taratibu. Jicho tayari linafumba likibembelezwa. Chai inanitoka upande mmoja. Nikicheka, nacheka nusu bei. Mwalimu wa hesabu alikuja kunitazama, akanitazama, nami nikatazama kovu la kidevu chake, tukaona ni heri tuzungumzie mvua.

Sikio la kulia limekufa, kama walivyoahidi. Ngoma nayo imekwenda nalo. Siku ya kwanza nilidhani nimekufa, kwa sababu moyo ulikuwa umenyamaza. Nikajishika mkono. Upo. Kumbe ndivyo watu wengine wanavyoishi, moyo unafanya kazi na mwenye nyumba hasumbuliwi. Nilimlilia baba kitandani pale, mpaka muuguzi akadhani dawa ya maumivu imeisha.

Wewe ni mwongo, na tutalizungumza. Sasa nikupe ulichofuata.

Binti yako alianza uchungu asubuhi tulivu, akafika wadini na mumewe na kanga mbili. Neno la kwanza lilikuwa, "Shangazi yuko wapi?" Nilikuwa nyumbani, kichwa kimefungwa kitambaa, nalisha jicho matone. Mama Funguo alimtuma mtu anifuate. Nilipofika akanionyesha kiti cha jamaa, kile kilichovunjika mguu ambacho mimi mwenyewe nilikataa kisitengenezwe ili ndugu wa wazazi wasikae sana. Nikakikalia. Ni adhabu nzuri, naipendekeza.

Mama Funguo akafanya kazi yake. Ile mashine ilikuwa imefunuliwa, betri sijui alizitoa wapi, lakini alichukua kipembe. Akasikiliza, mkono mmoja kwenye mkono wa binti yako. Halafu akafanya kitu sijawahi kukiona katika kazi hii. Akajishika mwenyewe mkono, akahesabu, akarudi kusikiliza. Akaja upande wangu wa kushoto, akainama, akaniambia sikioni, "Mia na thelathini na nane. Ni mtoto." Hakuna aliyemwambia anihesabie. Kila alipopima alikuja. Mchana kutwa alikuja. Nilimchukia mwanamke yule miaka mingi sana kwa sababu ambazo sasa sizikumbuki vizuri.

Mwishoni binti alichoka, akasema hawezi. Wote husema hivyo, na mimi huwa nina maneno yangu ya kuwajibu, maneno makali kidogo, yanafanya kazi. Safari hii nilisimama kutoka kile kiti, nikafungua mdomo, nusu ikafunguka. Yeye akanyoosha mikono, akanikamata kichwa kama mtu anayezama, kitambaa na yote, akakibana kifuani kwake. Sikio langu zima likawa chini, juu ya kifua chake. Lililokufa likabaki juu.

Nikasikia moyo wake. Wazi kabisa, binamu, unakimbia, una nguvu, na ni wake peke yake. Miaka miwili nilikuwa sijausikia moyo wa mtu mwingine bila wangu kuuingilia. Nikasahau kazi. Nikasahau kwamba kuna mtu anazaliwa. Naona baadaye alisukuma, maana kifua kilikaza, kisha kikashuka chote kwa mara moja. Mama Funguo akanigusa bega akaelekeza kwa kidole. Mjukuu wako wa kike alikuwa mikononi mwake, mwekundu, mdomo umefunguka mpaka kooni, analia kwa hasira zote za ukoo wetu. Wadi nzima ilimsikia. Mwalimu alimsikia kutoka nje, akakaa chini kabla hajaanguka.

Mimi sikusikia kitu. Nilimwona akilia, na chini ya sikio langu mama yake alikuwa anapiga, anapiga, anapiga, na sikuinua kichwa mpaka waliponiinua.

Bibi yake